Maswali kwa Watu Wasiochoka

Ko. Ko. Ko. Hata leo nikifumba macho nazisikia: buti za kazi, zile zenye chuma mbele, zikipanda ngazi za ukumbi wa parokia na kuingia kwenye sakafu ya saruji. Si jozi moja. Zilikuwa nyingi, zikifuatana bila haraka, kama zamani watu wa zamu walipokuwa wakishuka asubuhi kwenda kiwanda cha shaba cha Shituru. Nilikuwa nimesimama mbele, karatasi mkononi, nimevaa kitenge changu kizuri, nikingojea akina mama wa kwaya na vijana wachache wenye ndala. Ndala hazina sauti ile.

Nieleze kwanza nilikuwa natafuta nini pale mbele, maana hapakuwa mahali pangu. Shule niliiacha mwaka wa nne wa sekondari, walimu walipoacha kulipwa na wao wakaacha kuja. Lakini ndoto nilikuwa nayo, tena kubwa: nilitaka kusoma habari redioni. Nikitwanga sombe, yale majani ya muhogo, mchi ulikuwa maikrofoni yangu. "Hapa ni Likasi," nilikuwa nasema, "sombe iko karibu kuiva, lakini mafuta haijafika bado, tunaomba musikilizaji avumilie." Mama alikuwa akicheka mpaka anaegemea ukuta. Kanisani pia nilikuwa nasoma somo la kwanza, kwa sauti, bila kukimbia. Ndiyo sababu mwanafunzi mmoja alikuja kunitafuta.

Huyu mwanafunzi alikuwa mpwa wa jirani yetu, akisoma saikolojia kule Lubumbashi. Kijana mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Ili amalize masomo ilimlazimu kuandika kazi moja kubwa, na ya kwake ilikuwa juu ya karatasi ya maswali iliyotoka Ulaya. Karatasi hiyo humwuliza mtu mwenyewe yukoje: ni mkali au mpole, ana huzuni au ni mchangamfu. Unajibu ndiyo au hapana, basi. Yeye alikuwa ameitia katika Kiswahili chetu. Wala hakutaka kujua tabia za watu wa Likasi. Alitaka kujua kama karatasi yenyewe inafaa kwetu.

"Tunapima kipimo," aliniambia, tumekaa kwenye kizingiti cha jikoni. Sikuelewa. Akatazama huku na huku, akamwona mama akiuza unga mbele ya nyumba kwa meka, kile kikopo chetu cha kupimia.

"Ona meka ya mama. Ukipima bunga leo, na kesho upime tena ile ile, inapaswa kujaa sawasawa. Njo ya kwanza, ndiyo hiyo: kipimo kisibadilike. Sasa, kama muntu alibonda meka chini?"

Hilo nililijua, nani hakulijua siku zile. Wauzaji wengine walikuwa wakigonga kitako cha kikopo kiingie ndani, unga unajaa upesi.

"Itajaa sawasawa kila siku," nikasema, "na kila siku itakuibia."

"Njo ya pili. Kutobadilika peke yake haitoshi. Inapaswa ipime kweli."

Mama hakugeuka hata kidogo. "Meka yangu haikubondwa, weye mutoto wa bantu," alisema. "Tafuta mufano kwa majirani."

Mpango ulikuwa hivi. Watu wangejibu maswali mara moja, kisha baada ya wiki kadhaa wangejibu tena yaleyale. Mwishoni, kwa kila mmoja wao, mtu wa nyumbani kwake angeulizwa maswali hayohayo juu yake. Kazi yangu ilikuwa kusoma, kwa sauti ileile na mwendo uleule, maana sauti ikibadilika watu nao hubadilika. Nilifurahi sana! Nilijizoeza siku nzima mbele ya mchi.

Ndipo zikaja buti.

Walikuwa wafanyakazi wa kiwanda, akina baba. Walikuja wameoga, wamenyoa ndevu, wamevaa nguo zao za buluu zenye vitundu vidogo vya asidi, kofia ngumu wamezishika mkononi, na kadi za kazi mfukoni zikichungulia. Walikaa kwenye mabenchi kwa mpangilio wa zamu zao, bila mtu kuwaambia. Kiwanda wakati ule kilikuwa kimenyamaza. Mishahara ilikuja mara moja moja, kisha ikawa haiji. Kambini, kwenye nyumba za kiwanda, tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, na kuna nyumba ambazo wenyewe waliambiwa si watu wa hapa, wakaondoka na treni, na hatukuongea sana juu yao.

Nilichelewa kuelewa kwa nini wamekuja. Zamani, kijana akitaka kazi kiwandani, walimpa testi kwanza: vijiti vya kuingiza kwenye matundu, picha za kupanga, na mzungu amesimama pembeni na saa. Ukipita, jina lako linabandikwa mlangoni, na jina hilo lilikuwa kila kitu, lilikuwa nyumba na unga na shule ya watoto na kitanda cha mama siku ya kujifungua. Kwa hiyo waliposikia kwamba kuna kijana wa chuo, mwenye miwani, ameleta karatasi za maswali, hawakuuliza zaidi. Kwao, kiwanda kilikuwa kinachagua watu tena.

Kwenye benchi la tatu alikaa baba yangu.

Asubuhi ile alikuwa ameniambia anaenda shambani, upande wa Buluo. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama karani ambaye hamjui.

Nikasema, kwa sauti yangu ya redio, "Ba papa, karibuni. Lakini hii haina kazi ya kiwanda. Ni masomo tu ya huyu yaya, huyu kaka."

Wakacheka. Mbele kabisa alikaa mzee mmoja, fundi wa tanuri, meno yake mawili hayapo. Akanikonyeza.

"Tunajua, mwana. Balikukatazia kusema. Na sisi balituambia vile: ni muchezo ya vijiti tu. Kesho yake naona jina langu ku mulango!"

"Hapana, papa, kweli tena..."

"Soma, mwana, soma. Hatutakuuza."

Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini. Mwanafunzi naye alijaribu kueleza, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na Kifaransa chake ndicho kilichoharibu zaidi. Mwishowe alinipa ishara nianze.

"Ninachoka bila sababu," nikasoma.

"Hapana!" walijibu wote kwa sauti, kama darasani. Mwanafunzi akawaomba wajibu kimya, waweke alama kwenye karatasi.

"Na hata kama sababu iko, hapana," fundi wa tanuri akasema. "Andika vile pembeni."

"Usiku, usingizi hunipita."

"Mimi nalala sawa jiwe. Uliza mama ya batoto, ananisukuma mpaka anachoka."

"Basi mama njo anachoka," mwingine akamjibu kutoka nyuma. "Yeye hatapata kazi."

Walicheka sana, na mimi nilicheka nao, nilikuwa bado najua kucheka bila kuangalia pembeni. Nikaendelea. Watu hunikasirisha upesi. Naogopa kesho. Kuna siku sitaki kuamka. Kwenye swali hilo nilimwona baba. Hakungoja nimalize. Mkono wake ulikuwa umeshaweka alama kwenye hapana, umetulia, unangoja linalofuata.

Kulikuwa na swali moja karibu na mwisho: "Nimewahi kusema uongo, hata mdogo." Wote wakaweka hapana.

Walipokuwa wakitoka, kila mmoja alinipa mkono. Baba naye. "Aksanti, mamuzeli," aliniambia, kwa heshima kabisa, kama kwa binti wa watu, akatoka.

Mwanafunzi alibaki na karatasi zake mezani, mikono kichwani. Akanieleza kwamba lile swali la uongo liliwekwa makusudi. Hakuna mtu chini ya jua asiyewahi kusema uongo. Anayeandika hapana anajaribu kupendeza.

"Wote," alisema. "Hawachoki, wanalala, hawaogopi, hawajadanganya. Hata padri hatajibu vile."

"Labda mara ya pili watalegea," nikamwambia. Mimi huwa natumaini tu, ni ugonjwa wangu.

Zikapita wiki. Nyumbani baba alibadilika, na hapa ndipo roho yangu ilipoanza kuuma. Ndugu yake mkubwa alikuwa akivua samaki ziwani Tshangalele. Alikuwa ameshatuma habari zaidi ya mara moja: njoo tuvue pamoja, wavu uko, mtumbwi uko, watoto wapate kula. Kabla ya maswali baba alikuwa karibu kukubali. Sasa alikataa.

"Bakiita jina langu, niko ku ziwa?" alimwambia mama. "Batasema nini? Huyu hakuwa na haraka na kazi."

"Na batoto bakule jina lako?" mama akauliza.

Baba akachukua buti. Kila siku alizipangusa buti kwa kitambaa, akakaa nazo karibu. Nilimwambia mara nyingi, "Papa, hakuna majina." Alinishika bega, akatabasamu, kana kwamba ninatunza siri vizuri na yeye anajivunia binti kama huyo. Kila alipotabasamu hivyo unga ulikuwa umepungua.

Mara ya pili nilizisikia tena zikipanda ngazi, lakini ko, kisha nafasi, kisha ko. Walikuwa wamepungua, na waliokuja nguo za buluu ziliwaning'inia mabegani. Fundi wa tanuri hakuja. Tulikuwa tumemzika. Mahali pake kwenye benchi la mbele walipaacha wazi, na hakuna aliyetania siku ile.

Nilisoma kwa sauti ileile, mwendo uleule, kama nilivyofundishwa. Ninachoka bila sababu. Usiku, usingizi hunipita. Majibu yalikuwa yaleyale. Mwanafunzi alilinganisha karatasi za kwanza na za pili, moja moja, na alama zilikaa mahali pamoja kana kwamba mtu amezifuatisha kwa kioo.

"Haibadiliki," alisema, akatabasamu bila furaha. "Ya kwanza tumeipata."

Ikaja zamu ya watu wa nyumbani. Wake zao walikuja na vitenge vya Jumapili. Nao walikuwa wamejiandaa, tena pamoja, wakati wa kuteka maji bombani. Nilisikia wakiulizana na kujibizana huku ndoo zikijaa.

"Mume wako hukasirika upesi?" nilimwuliza mmoja.

"Yeye? Amukasirikie nani? Hata jogoo anasema nayo pole pole."

"Huwa na huzuni?"

"Anaimba tangu asubuhi. Tunamwomba anyamaze."

Huyu mama aliyesema hivyo, nyumba yake iko nyuma ya yetu. Sijawahi kusikia wimbo ukitoka mle.

Kwa baba, mama ndiye aliyepaswa kujibu, lakini alikuwa amekwenda Tshangalele kwa shemeji yake kutafuta samaki wa kukausha. Nikabaki mimi. Jioni ya kuamkia siku yangu, baba alikuwa ameketi mlangoni, buti magotini.

"Kesho njo weye," alisema.

"Ndiyo, papa."

"Sema vile niko."

Nilitaka kumwuliza: vile uko sasa, ao vile ulikuwa? Maana nilimkumbuka yule mwingine. Alifanya kazi kwenye mabafu ya asidi, pale shaba inapoota juu ya mabati kama ukoko, na akirudi nyumbani alinukia kitu kikali puani, akatuinua mmoja kila mkono na kutuzungusha mpaka mama apige kelele. Sikuuliza. Alirudia mwenyewe, akitazama barabara: "Vile niko."

Kesho yake mwanafunzi ndiye aliyenisomea mimi. Tulikuwa wawili tu kwenye ukumbi ule mkubwa.

"Huchoka bila sababu?"

Nikamwambia, "Yaya, king'ora cha kiwanda hakilii tena, unajua. Lakini saa yake ikifika, papa anaamka. Anavaa buti. Anakaa ku ukingo wa kitanda mpaka kunakucha, kisha anazivua. Kila siku. Hiyo ni kuchoka, ao ni kutolala, ao ni kuogopa? Niweke alama wapi?"

Aliweka kalamu chini. Alivua miwani, akaanza kuukaza ule uzi ingawa haukulegea.

"Weka kwenye unaona," alisema.

Nikaweka. Ndiyo, huchoka. Ndiyo, usingizi humpita. Ndiyo, huogopa. Kwenye siku asizotaka kuamka nilikaa muda mrefu, na hapo pia nikaandika ndiyo, kwa sababu anaamka kila siku na sijaona siku aliyotaka.

Jioni mwanafunzi alikuja nyumbani, akanivuta pembeni. Wake wote walikubaliana na waume zao, swali kwa swali. Karatasi yangu peke yake ilikataa.

"Weye na papa hamukutani hata fasi moja. Nikiitoa ya kwako, kazi yangu ni nzuri kabisa: haibadiliki, na nyumbani wanashuhudia. Nikiiacha, njo ile moja inasema: meka ilibondwa."

"Utafanya nini?"

"Diplome yangu iko mule," alisema. Akatazama chini sana. Kisha akasema ataiacha humohumo. Asubuhi alipanda treni ya Lubumbashi, karatasi amezifunga kwenye nailoni, amezikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Mvua zilipoanza alirudi. Kazi ilikuwa imekataliwa. Mwalimu wake alimwambia kwamba kwa majibu yale, Likasi ni mbinguni au karatasi haifai, na kwa kuwa yeye mwenyewe amewahi kufika Likasi, anajua ni lipi kati ya hayo mawili. Angeanza upya, mahali pengine, kama angepata nguvu. Angeweza kukaa kimya huko alikokuwa. Alikuja kuwaambia akina baba uso kwa uso, na kwa hilo nitamheshimu daima.

Habari ilisambaa kambini kwamba amerudi na jibu. Unaweza kukisia kilichotokea. Buti zilipanda ngazi mara ya tatu, zimelowa, zikiacha tope kwenye saruji.

Alisimama mbele, mimi kando yake. Alisema yote polepole: hakuna kazi, haijawahi kuwepo, ilikuwa masomo yake tu, na masomo yenyewe yamekwama. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi arudie.

Mtu wa nyuma akainua mkono, kwa adabu.

"Basi tulianguka ku swali gani?"

"Hakuna aliyeanguka, ba papa."

"Kama hakuna aliyeanguka, majina iko wapi?"

Wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Walimpa mwanafunzi mkono, kila mmoja. "Aksanti, mwana. Itakuwa mara ingine." Baba alimpa mkono pia. Mimi aliniinamishia kichwa tu.

Nyumbani alikaa mahali pake mlangoni. Mama alikuwa anawasha makaa.

"Na weye," baba akaniuliza, "uliandika nini?"

Nikamwambia. "Niliandika haulale, papa. Unachoka. Unaogopa." Ile ya kuamka sikuweza kuitamka.

Nilingoja hasira. Nilikuwa tayari hata kwa kofi, ingawa hajawahi kunipiga. Alikuna goti lake, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu ambaye daktari amemtajia hatimaye jina la ugonjwa.

"Njo ile iliniangusha," alisema.

"Hapana, papa! Hakukuwa kazi ya muntu yeyote, yaya alisema, ulisikia..."

"Njo ile." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Haina mubaya. Mutoto hawezi kudanganya juu ya baba yake. Na weye ulisema kweli. Muntu asiyelala, umuweke karibu na asidi? Hata miye singemuchukua."

Akanigonga-gonga mgongoni. Yeye ndiye aliyenibembeleza mimi. Na mimi, ambaye niliweza kuongea na mchi kuanzia asubuhi mpaka jioni, sikupata neno. Niliona usoni mwake kwamba kuanguka kwenye testi ni mzigo anaoweza kuubeba, ataubeba mpaka Tshangalele na atavua nao. Kwamba kule kiwandani hakuna mtu tena anayeandika majina, hilo hakuwa na mahali pa kulishikia.

Akaenda kweli. Asubuhi ya pili alimwambia mama, "Nitasaidia yaya yangu kidogo," akachukua mfuko, akaondoka na ndala miguuni. Mama alimsindikiza mpaka barabarani. Kutoka hapo akapitiliza sokoni na unga wake.

Nyumba ilikuwa kimya. Niliinama chini ya kitanda. Alikuwa amezifunga buti ndani ya nguo ya buluu, mikono ya nguo imekazwa fundo juu. Nilifungua. Tope la ukumbi lilikuwa limekauka juu yake, na kwenye pua, ngozi ilipochanika, chuma kilikuwa kimeanza kushika kutu. Dawa ya viatu hatukuwa nayo tangu zamani. Kwenye rafu kulikuwa na chupa ya mawese, yamebaki kidogo chini, ya sombe ya jioni.

Nilikwangua tope kwa kijiti. Nikamimina mawese kijiko kimoja kwenye kitambaa chake, nikapaka ngozi, nikapaka chuma, nikasugua mpaka kidole kikapata moto, buti ya kulia, kisha ya kushoto. Nikamimina kijiko kingine. Nguo ya buluu nikaikunja. Buti sikuzirudisha chini ya kitanda. Niliziweka karibu na mlango, ili akirudi azikute, pua zake zikitazama barabara ya Shituru.